Aliyechagua Mtaa kwa Kutazama Kamba za Nguo

Siku ya kwanza kumwona nilimdhania mwizi, na sitaficha. Mtu mzima na akili zake amesimama nje ya uzio wangu tangu naloweka foronya mpaka naanika, macho hayabanduki kwenye nguo za watu. Wewe ungesema nini? Mimi ni dobi, huu mwaka wa thelathini na moja, na nimeibiwa vya kutosha. Nimeibiwa mashati, nimeibiwa mashuka ya bibi harusi, nimeibiwa hata suruali ya askari polisi, na mwenyewe alikuja kuiulizia amevaa kaptura. Basi nikashika mti wangu wa kukorogea nguo nikamwendea.

"Wewe! Umepoteza nini hapa?"

Badala ya kukimbia, akanisalimu.

"Shikamoo, shangazi. Samahani. Mtaa huu kuna chumba cha kupanga?"

Nikamtazama juu mpaka chini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mweusi wa kung'aa, gauni limepigwa pasi vizuri ingawa viatu vilikuwa vumbi tupu. Mwizi hapigi pasi namna ile. Nikaushusha mti.

"Chumba kipo," nikasema. "Lakini nguo zangu unazitazamia nini?"

"Nazitazama tu. Zimependeza."

Hapo akanipata, maana mimi ukitaka kuniweka mfukoni, sifia kamba zangu. Ninazo tisa, za waya, toka ukuta wa nyumba hadi vyuma vya uzio, na asubuhi ile zilikuwa zimejaa pomoni. Kulikuwa na kanzu, na sari mbili nilizozianika kivulini zisichujuke, na suti za ofisini, na ovaroli za mafundi, na mabuibui, na sketi za Kizungu za pamba, na gauni moja la Kichina lenye kola ya kusimama ambalo hunitoa jasho kila nikilipiga pasi. Kwa mtu asiyejua ni nguo tu. Kwa mtu wa kazi hii, kila kamba ni kundi la watu wamejipanga mbele yako. Wala sikujua kwamba yule mwanamke naye ni mtu wa kazi hii.

Nyumba yetu ina vyumba sita kuzunguka ua mmoja, na kilicho ubavuni mwa changu kilikuwa tupu tangu msaidizi wangu aolewe aende zake. Nikamfungulia. Hakuuliza habari ya maji, hakuuliza choo, hakutazama hata dari inavuja au la. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaona kwamba linatazama kambani, akasema, "Nachukua."

Kesho yake akaja na mizigo miwili na mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea vizuri, Mungu shahidi. Lakini mdomo wangu hauna kitasa. Mtoto alikuwa msichana wa miaka minane hivi, mweupe pe, nywele rangi ya katani, madoadoa ya jua puani. Nikamwangalia yeye, nikamwangalia mwanamke, likanitoka.

"He! Na huyu wa nani?"

Mwanamke akafungua kinywa. Kabla hajatamka, yule mtoto akadakia, haraka haraka, kama anayesoma alichokariri.

"Mimi ni mtoto wa bosi. Huyu ni yaya wangu."

Mwanamke akainama akaushika mzigo, akaingia ndani. Hakukubali wala hakukanusha.

Nikasema sawa, ya watu waachie wenyewe. Siku ya tatu akaniona nahangaika na mgongo wangu, natoka kwenye meza ya pasi nimejipinda, akaniomba anisaidie. Nikampa shati nimpime. Akatikisa pasi ya mkaa majivu yatoke, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole, akaanza na kola kwa ndani, kisha kwa nje, toka pembeni kuja katikati ili isifanye mikunjo kwenye ncha. Wengi huanzia mgongoni, wavivu hao. Nikakaa kwenye ndoo nikatazama. Alipomaliza lile shati ungeweza kulisimamisha peke yake likaenda kazini bila mwenyewe. Kuanzia siku ile nikamwita Pasi, na jina likamganda.

Mtoto naye nilimwita Kibanio, kwa kuwa kazi aliyojipa ni kushika kikapu cha vibanio na kunipa kimojakimoja ninapoanika. Alikuwa mtoto mwenye akili na maneno machache. Alinifanyia mpango wa vibanio vyangu, vya mbao upande huu, vya plastiki upande huu, akanikemea nikivichanganya. Lakini hakutoka nje ya uzio hata hatua moja. Watoto wa mtaa wangu wakimwona tu wanaanza, "Mzungu! Mzungu! Mzungu kuja huku!" Naye anajificha nyuma ya mashuka mpaka wachoke. Niliwafukuza kwa maji ya sabuni, wakarudi wamekuja na wenzao.

Wiki mbili zikapita, na mimi moyo ukaanza kuniwasha. Bosi gani huyu asiyepiga simu? Mtoto wa watu analala chumba kimoja na yaya, kitanda kimoja, nguo zake zinafuliwa na dobi wa uswahilini, na hakuna hata mtu wa kuja kuuliza kala nini? Tena huyu Pasi kila asubuhi na kila jioni anakwenda kusimama getini, anaangalia barabara kushoto, anaangalia kulia, kisha anarudi amenywea. Nikajiambia, mama wee, huyu kaiba mtoto. Anachungulia kama anafuatwa. Na mimi nimemhifadhi, nitafungwa naye.

Basi mchana mmoja, mtoto amelala, nikaingia chumba cha pasi nikafunga mlango, nikauegemea.

"Pasi. Leo ndio leo. Mtoto wa watu umemtoa wapi?"

Akaisimamisha pasi taratibu. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua mimi. Akaingiza mkono kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, akaifungua mezani kwa uangalifu, kama mtu aliyeifungua mara nyingi sana mbele ya watu wengi sana. Kilikuwa cheti cha kuzaliwa. Jina la mama lilikuwa lake. Ndani yake kulikuwa na picha ndogo ya harusi, yeye na mwanamume wa Kizungu mwembamba aliyevaa suti iliyompwaya mabegani.

"Nilimzaa mwenyewe, shangazi," akasema. "Tena kwa siku mbili na nusu."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Nikaanza kukunja foronya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Akanieleza. Kwao ni mji mdogo, wa barabara moja na soko moja. Alikuwa dobi huko toka binti. Mume wake alikuja kupima barabara, mtu mpole, shati zake zikiwa na madoa ya wino kila mfuko, na ndiko walikozoeana, kwenye madoa. Wakaoana kwa ndoa halali. Mtoto alipotimiza miaka miwili, yule bwana akashikwa na homa, siku tisa akafariki. Akabaki yeye na mtoto ambaye hawakufanana hata kucha. Kila alikokwenda, swali ni lile lile. Sokoni, "Unamlea wa nani?" Hospitali, "Mama yake yuko wapi?" Kwenye basi, "Hebu tuonyeshe karatasi." Ndipo akaanza kutembea na cheti kifuani.

"Mwaka huu shuleni akaja mwalimu mpya," akasema. "Asubuhi ya mvua, nimempeleka mtoto, foleni ndefu, wazazi wote nyuma yangu wanalowa. Mwalimu akaniuliza, wewe ni nani wake? Shangazi, wiki ile nilikuwa nimeulizwa mara nne. Cheti nilikuwa nimekiacha kwenye gauni jingine. Nikachoka. Nikasema, mimi ni yaya wake. Neno moja tu. Nilitaka foleni isogee."

"Na mtoto?"

"Nilikuwa nimemshika mkono. Akauchomoa. Tangu siku ile, tukiwa na watu, ananiita yaya. Nimemwomba, nimemkaripia, nimelia mbele yake. Wapi! Akiona sura ya mtu mgeni tu, yaya. Shangazi, ninachokitaka duniani sasa hivi ni kimoja. Aniite mama mbele za watu."

Machozi hayakumtoka. Ya kwangu yalikuwa yanatafuta njia.

Ndipo akaamua kuhama. Aliambiwa mji mkubwa una kila aina ya watu, akajua huko hawatashangaliwa. Akamwacha mtoto kwa shemeji wa rafiki yake hapa mjini, siku nyingine akimchukua, akatembea siku kumi na moja kutafuta mtaa. Akagundua kitu ambacho sisi wenyeji tumezoea hata hatukioni tena, kwamba watu wa kila aina wapo, ndiyo, lakini kila aina na mtaa wake. Siku aliyojaribu kumpitisha mtoto kwenye mtaa wa majumba yenye kuta ndefu, mlinzi alimpigia mtoto saluti, na mama akaonyeshwa mlango wa nyuma wa wafanyakazi. Mtaa mwingine mwenye nyumba alimkaribisha chai kabisa, akamwambia kwa adabu kwamba hapa hupangisha watu wa kwao tu. Mtaa mwingine ulikuwa wa weusi wenzake, akadhani afadhali huko. Wakamfuata mtoto njia nzima wakimshika nywele, na mama mmoja akamuuliza yeye kama Wazungu wanalipa vizuri.

"Ndipo siku ya kumi na moja nikapita kwako," akasema. Kisha akanigeukia, uso umejaa matumaini. "Sasa nami nikuulize, shangazi. Wenye zile nguo hutoka saa ngapi? Nasimama getini asubuhi na jioni, sijamwona hata mmoja."

"Wenye nguo zipi?"

"Za kambani. Mwenye sari, mwenye kanzu, yule mama wa Kichina. Si majirani?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Huko kwao, kumbe, nguo haitoki nyumbani kwa mtu. Dobi ndiye anayezunguka, anafua kwenye ua wa mwenye nguo na kuanika kwenye kamba ya mwenye nguo. Alikuwa na nyumba kumi na moja za kufulia, na alizoea kujua wanaoishi ndani kwa kutazama kamba kabla hajabisha hodi. Kamba ilikuwa haijawahi kumdanganya. Basi alipoona kamba zangu tisa, Wahindi na Waarabu na Wazungu na Wachina na weusi wote wamebanwa vibanio bega kwa bega, akasema nimefika. Huu ndio mtaa.

Nikacheka. Sijui nikuambieje. Kicheko kilinitoka kabla sijakishika, nikashika mbavu, nikakaa chini.

"Pasi wee! Hizo nguo zinatoka mji mzima! Zinaletwa kwa mkokoteni alfajiri, wewe umelala! Hapa mtaani watu wetu wanavaa zile za kamba ya tisa tu, zile za viraka!"

Kisha nikamwona alivyokaa. Alikuwa ameketi kwenye gunia la wanga, mikono mapajani, anatazama dirishani kwenye kamba zangu kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu na anajua hakirudishwi. Kicheko kikanikauka.

"Nimesoma vibaya," akasema. Akasimama akachukua pasi, akaendelea na kazi, maana mkaa ulikuwa unapoa.

Sasa nifike mahali ninapoona haya. Palepale nilipokuwa nimekaa sakafuni, nilishajua pa kumpeleka. Dobi anajua mji kuliko askari. Nilijua jengo moja, na nilijua kwa hakika. Lakini sikusema. Nikajitia hamnazo.

Unataka kujua kwa nini? Tangu aje, wateja walikuwa wananitumia salamu. Mgongo wangu ulikuwa umepumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilikuwa nakula na watu, badala ya kula nimesimama na sufuria mkononi. Kile kitoto kilikuwa kimeanza kuniita bibi, nami nakifokea, "Bibi yako nani, mimi bado mbichi," huku moyoni nimefurahi vibaya. Nikajiambia watazoea. Watoto wa mtaa watachoka. Niwapeleke wapi na wapo hapa wanakula vizuri? Mtu akitaka kujidanganya maneno hayamwishii. Siku tisa nilikaa na siri yangu.

Siku ya kumi waya wa kamba ya sita ukakatika. Nilikuwa nimeutwisha mablanketi yaliyolowa, kosa langu kabisa, najua uzito wake. Ulikatika kwa kishindo, ukaruka ukamchapa Kibanio mkononi, toka kiwiko hadi karibu na kifundo. Damu ikatoka. Na yule mtoto akapiga ukelele uliowatoa nje watu wa vyumba vyote.

"Yaya! Yaya! Yayaaa!"

Nasema, damu inatiririka, mtoto ana miaka minane, maumivu yamemshika kweli kweli, na bado anakumbuka. Majirani wamejaa uani, basi ni yaya. Pasi alitoka mbio akapiga magoti, akamshika mkono, akamwosha na kumpuliza, akisema, "Nipo, nipo, nipo."  Mama mmoja wa chumba cha pili akaniambia pembeni, "Maskini, yaya ana upendo huyu, utadhani wake." Nusura nimpige.

Namshukuru Mungu kidonda hakikuwa kirefu kwenda ndani. Baadaye, Pasi amekwenda dukani kununua dawa, mimi nikabaki nikimfunga kitambaa.

"Wewe Kibanio," nikamwambia. "Nishajua yule ni mama yako. Mbona humwiti?"

Akachungulia mlangoni kwanza.

"Ndani ni mama. Nje ni yaya."

"Nani kasema?"

"Yeye. Alimwambia mwalimu." Akavuta kamasi. "Bibi, nikisema mama watu wanauliza. Wanauliza sana. Halafu yeye anakosa la kusema, anatafutatafuta karatasi, mikono inamtetemeka. Nikisema yaya, hawaulizi."

Hapo ndipo kitambaa kilinidondoka. Sisi wote tulidhani mtoto amekasirika, anamwadhibu mama yake. Kumbe anamkinga. Na mtu wa kwanza kumuuliza katika mji huu mkubwa, mlangoni pangu, mizigo haijatua chini, nilikuwa mimi.

Pasi aliporudi nikamwita chumba cha pasi. Nguo zilizokwisha kunyooshwa zilikuwa juu ya meza ndefu. Wewe msomaji hujui, lakini kila nguo ya mteja wangu ina alama ya uzi ndani ya kola au kwenye upindo, niliyoishona mwenyewe. Rangi ya uzi ni mahali inapotoka. Vijisalaba ni namba ya mlango. Pasi alikuwa amezipitia kwa pasi yake wiki zote hizo, lakini rangi sikumweleza maana yake, kwa kuwa kupanga mafungu ni kazi yangu.

"Toa kila chenye uzi wa kijani," nikamwambia. "Weka pembeni."

Akaanza kugeuza kola. Akatoa kanzu. Akatoa ovaroli mbili. Akatoa sari ya manjano, na sare ya nesi, na sweta la mzee mmoja wa Kizungu lenye viraka vya ngozi viwikoni. Akatoa kitenge. Akatoa lile gauni la kola ya kusimama. Kadiri fungu lilivyopanda, ndivyo mikono yake ilivyokwenda polepole.

"Kijani ni mtaa gani?"

"Si mtaa. Ni jengo moja, geti moja, ngazi moja. Lilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli waliotoka kila upande. Reli ikawaacha, wao wakabaki, na wenzao wakawafuata. Fungu lao huletwa na kurudishwa na mlinzi wao kwa mkokoteni kila wiki. Hukuwa umesoma vibaya, mwanangu. Ulikosea anwani tu."

Akaushika ule upindo wa sari akautazama uzi.

"Ulijua lini, shangazi?"

Ningeweza kusema nimekumbuka sasa hivi. Ulimi ulikuwa tayari.

"Tangu siku ile niliyocheka," nikasema. "Nilitaka mbaki. Nikasirikie, haki yako."

 Kisha akachukua shati akalikunja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akalikunja vibaya.

"Nitakukasirikia baadaye," akasema. "Kwanza tupeleke nguo."

Jumamosi tukamwambia mlinzi apumzike, tutaleta wenyewe. Tulikwenda watatu, mchana kweupe, mimi na fungu kubwa kichwani, Pasi na la pili, Kibanio na mashati manne mikononi, kidonda chake kimefungwa. Sitaki nikuambie kwamba jengo lile ni pepo. Rangi imebanduka, ngazi zinanuka unyevu, na tulipoingia watu wawili walikuwa wanagombana kuhusu maji, mmoja kwa lugha yake na mwingine kwa yake, na wanaelewana vizuri kabisa. Watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye korido ya chini, wa rangi zote unazozijua, na wengine wa rangi ambazo ungeshindwa kuzipa jina. Mpira ukamgonga Kibanio mguuni. Mmoja akamwambia, "Rudisha basi!" Akaurudisha. Hawakumtazama tena.

Mgongo ukanigomea. Nikaketi ngazi ya chini na fungu langu. Pasi akapanda ghorofa ya kwanza kugonga milango, Kibanio akakimbilia ya tatu na mashati yake. Nikamsikia anagonga. Nikasikia mlango unafunguliwa na sauti ya mwanamke, ya juu, ya mtu aliyeamka vibaya.

"Hili la mume wangu. Ngoja, ngoja. Mbona limerudi na kifungo cheusi? Lilikwenda na vyeupe saba! Wewe mtoto, nani kaleta nguo leo?"

Sikusikia jibu. Nikasimama. Milango miwili mitatu mingine ikafunguliwa, maana jengo lile mtu halalamiki peke yake. Nikachungulia juu katikati ya ngazi nikaona kichwa cha mzee aliyeshika gazeti, na mama mwenye unga mikononi. Watu wageni, sura ngeni, zote zinatazama chini. Kibanio kasimama katikati yao. Pasi kwenye ghorofa ya kwanza kasimama vilevile, mkono juu ya mlango asiougonga.

"Nimewaona mkiingia getini," ile sauti ikasema. "Yule si mama yako? Basi mwite aje hapa."

 Mtoto alikuwa anangoja swali la pili, lile linalofuata siku zote. Halikuja. Yule mwanamke alikuwa kanyoosha shati tu, anangoja habari ya kifungo chake.

Kisha nikaona kichwa chenye nywele za katani kinainamia chuma cha ngazi.

"Mama!" Ikagonga kuta, ikashuka mpaka kwangu. "Mamaaa! Unaitwa huku! Kuna kifungo!"

Pasi aliangusha fungu lote, nguo za watu, kazi ya siku mbili, zikabiringika ngazi moja baada ya nyingine hadi miguuni pangu. Alipanda mbilimbili. Nilimsikia anaitika kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Abee! Nakuja, mwanangu! Nakuja!" Nami nilikuwa nimeketi tena, nimekalia mashuka safi ya mteja, nimeyakunjakunja yote, nalia bila haya.

Alipofika juu alikuwa anahema. Nikachungulia tena juu nikamwona akiingiza mkono kifuani, kwenye ile nailoni, kwa mazoea. Mkono ukabaki humohumo. Kisha akautoa mtupu.

"Mimi ndiye mama yake," akasema.

"Sasa nani kakuuliza hilo?" yule mwanamke akasema. "Mimi nauliza kifungo."

Kifungo kile nilikishona mimi. Vyeupe vilikuwa vimeniishia. Pasi aliomba radhi kwa ajili yangu mara tatu, huku anacheka na kufuta macho, na yule mama wa ghorofa ya tatu mpaka leo, tangu Pasi ahamie humo wakawa majirani mlango kwa mlango, anamwambia kila mtu kwamba huyo ni fundi mzuri wa pasi lakini vifungo hajui.